Kalenda ya Mto na Viwanja vya Garsen

Usalama wa viwanja vya michezo ukitajwa, mawazo hukimbilia siku ya mechi: umati, refa, gari la wagonjwa. Katika Kaunti ya Tana River hatari huingia uwanjani wakati hakuna anayecheza, nayo huletwa na mto Tana. Mvua inayofurisha mji wa Garsen si lazima inyeshe Garsen. Hunyesha Mlima Kenya na Nyandarua, hujaza mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, na yakishafurika maji huteremka Garissa, Hola, kisha delta. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024. Maji yakikauka huacha tope lililoficha vigae vya chupa, uchafu wa vyoo vilivyofumuka, na milingoti ya goli iliyolegea, ambayo mtoto akining'inia humwangukia. Baadaye huota mathenge. Mti huu ulipandwa Bura na Hola miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia mmomonyoko. Mbegu zake husambazwa na mafuriko na kinyesi cha mifugo. Mche wa urefu wa kiganja hung'olewa kwa jembe kwa dakika chache. Ukiachwa msimu mmoja, mwiba wake hupenya soli ya kandambili, na mchezaji wa pekupeku ndiye anayelipa.

Wajibu ni wa nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti viwanja vya michezo na bustani za burudani. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kalenda. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na mvua za masika hufanya uharibifu wake Aprili na Mei, vitabu vinapokaribia kufungwa. Ukarabati husubiri bajeti mpya, kisha zabuni, na mara vuli imeshafika. Na sehemu ya uharibifu ingeweza kuzuiwa: maji kutoka juu ya mto huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku hizo zinatosha kung'oa milingoti na kuihifadhi, endapo kuna mtu aliyepewa kazi hiyo na posho yake ipo tayari.

Wapo watakaouliza: familia zinalala kwenye mahema, nasi tunahesabu milingoti? Swali ni la haki, na chakula na dawa vitangulie. Lakini kumbukeni mapigano ya Wapokomo na Waorma ya 2012 na 2013 katika delta, yaliyoua watu zaidi ya 100. Mahali ambapo kijana wa Kipokomo na wa Kiorma wanaweza kukutana bila kugombania maji wala malisho ni pachache, na kiwanja ni kimojawapo. Wengine wanahofia kwamba ukaguzi wa usalama baada ya mafuriko utafunga viwanja miezi mizima. La: sehemu iliyosafishwa ifunguliwe, iliyobaki izungushiwe kamba.

Ombi langu kwa bunge la kaunti ni moja: tengeni fungu dogo la matengenezo ya viwanja, liruhusiwe kutumika mara tu maji yanapopungua, bila kungoja Julai.