Kivinjari Hukumbuka Aliyekitumia

Wakazi wa Busia ya pande zote mbili,

Leo hatuzungumzii magendo. Tunazungumzia kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kwa maana kodi ya bidhaa, hati za kusafiria na pesa za biashara siku hizi hupitia humo.

Wengi wetu hatuna kompyuta. Huenda dukani, tukajaziwa fomu, tukalipa, tukaondoka. Kivinjari hubaki. Kikiuliza kama kihifadhi nenosiri na mtu akakubali, anayeketi baada yetu aweza kuingia kwa jina letu. Tunawasihi mkatae. Tokeni kwenye akaunti kwa kitufe chake, kwani kufunga ukurasa si kutoka, na picha ya kitambulisho iliyopakuliwa ifutwe mkiwa mngalipo. Afadhali zaidi, ombeni dirisha la faragha tangu mwanzo. Likifungwa, husahau kurasa zilizotembelewa pamoja na vidakuzi, yaani vijifaili vya kumtambua mtumiaji. Faili zilizopakuliwa halizifuti, wala halimfichi mtu machoni pa kampuni ya mtandao, hata kama vijana wetu wameambiwa vingine.

Tunalolisisitiza kuliko yote ni anwani. Watu wamezoea kutafuta alama ya kufuli. Kufuli husema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Halisemi aliye upande wa pili ni nani. Tapeli naye hulipata, tena bila malipo. Mwaka 2023 Google iliibadilisha alama hiyo katika Chrome, kwa kuwa watu waliidhani ni cheti cha uaminifu. Basi someni jina la tovuti mpaka linapokatwa na mstari wa kwanza wa mshazari, na mtazame mwisho wake. Serikali ya Uganda hutumia go.ug, ya Kenya go.ke. Jina likianza na ura.go.ug, kisha likafuatwa na nukta na maneno mengine kabla ya mstari huo, hiyo si Mamlaka ya Mapato. Msiandike kitu.

Masasisho ya kivinjari nayo msiyaahirishe, ingawa twajua bando ni ghali. Huziba mianya ambayo wezi wameshaijua.

Wenye maduka wafahamu kwamba Uganda na Kenya zote zilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Kitambulisho cha mteja si mali ya duka.

Aliyekwisha kutapeliwa asifute chochote. Apige picha ya skrini inayoonyesha anwani nzima, atunze ujumbe wa malipo, abadilishe nenosiri kwa kifaa kingine, kisha aende kituo cha polisi kilicho karibu naye. Wengine husita wakidhani mwizi yuko ng'ambo. Kumtafuta aliko ni kazi yetu.