Hakuna Kipimo cha Damu cha Utundu
Mada kwa walimu wa malezi, wazazi na maofisa ustawi wa jamii



Wazazi wengi wanaofika kliniki yetu ya afya ya akili huanza hivi: "Daktari, nimemleta tumpime." Mimi ni muuguzi, lakini cheo hicho sikisahihishi. Ninachosahihisha ni hilo la kupima. Damu tutatoa, tuone kama amepungukiwa. Masikio na macho tutayachunguza. Ila utundu wenyewe, ule wa kupiga wenzake, kutoroka darasani na kuvunja vyombo, hauna mashine. Kipimo chake ni maelezo mnayokuja nayo, na mara nyingi mnakuja mikono mitupu.

"Mkorofi tangu azaliwe." "Amerithi ujombani." Hizo ni hukumu. Mimi nataka Alhamisi, saa nne asubuhi, baada ya uji: alimsukuma nani, kabla yake kulitokea nini, alichukua muda gani kutulia. Na nataka kujua ni lini hana shida. Mtoto anayekaa vizuri kwa bibi yake likizo nzima, kisha akachafuka shule ikifunguliwa, ananielekeza shuleni. Hata lile tatizo la kukosa utulivu na umakini, linaloandikwa ADHD kwenye mafaili, halithibitishwi mpaka dalili zionekane mahali pawili au zaidi, ziwe zimedumu angalau miezi sita, na zilianza kabla mtoto hajatimiza miaka 12. Daktari atayaonaje hayo chumbani kwake? Mtoto mwenyewe akifika pale hutulia kama maji mtungini.

Niwape mfano, nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Mvulana wa miaka saba, darasa la kwanza, keshafukuzwa shule mara mbili. Mama yake alikuja na daftari. Si kwamba alishauriwa: alikuwa akiorodhesha madeni ya vitu vya watu ambavyo mwanawe amevunja. Deni la kwanza lilikuwa la Machi. Kabla ya hapo, hakuna. Nikamuuliza Machi kulitokea nini. "Hakuna kitu." Alikuwa ameshasimama anajifunga kanga vizuri ndipo akasema, "Labda zile dawa zake za kifafa." Alikuwa ameanzishiwa fenobabitali mwishoni mwa Februari.

Dawa hiyo ni ya bei nafuu na imewasaidia watoto wengi, lakini baadhi yao huwafanya wakali na wasiotulia. Daktari alimhamishia dawa nyingine taratibu, kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege la hatari. (Mzazi ambaye mtoto wake anaitumia, tafadhali usitoke hapa ukaitupe. Nenda kazungumze na aliyeiandika.) Yule mvulana hakugeuka malaika. Orodha ya madeni ndiyo iliyokoma.

Yapo mengine yanayojificha nyuma ya tabia. Anayetoka usaha masikioni huitwa "hasikii", na kweli hasikii. Anayekoroma usiku kucha kwa uvimbe wa mafindofindo hushinda akigombana kwa uchovu. Anayeganda sekunde chache akitazama hewani, mwalimu akamwita mzembe, huenda ana kifafa kisichoangusha. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha athari za tabia miaka baada ya homa kuisha. Nauliza pia kazi ya baba, kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo kwenye betri za magari. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanayajua madhara yake kuliko mimi.

Na kuna hofu. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akarudia, au aliyebadilika ghafla na sasa anamkwepa mtu fulani, huenda anaumizwa; asihojiwe mbele ya ukoo. Simu ya watoto ni 116, haina malipo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, muombe rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Najua kinachowarudisha nyuma: jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, tumeligeuza tusi, na jirani akisikia "afya ya akili" anafikiri mtoto anapelekwa Dodoma. Wengine mmeshapita kwa shehe, mchungaji au mganga kabla yetu. Sina ugomvi na dua. Nina ugomvi na kamba wanazofungwa watoto, na miezi inayopotea.

Kuhusu tiba, nitakuwa mfupi kwa kuwa daktari ataieleza kesho. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita tunaanza kwa kumfundisha mzazi: agizo moja kwa wakati, sifa papo hapo anapotii, adhabu ndogo isiyobadilika. Vidonge, vikihitajika, huja baadaye. Viboko si tiba: nchini Kenya vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu chini ya mwalimu mkuu, nami sijaona faili lililofungwa kwa fimbo.

Madaftari yako meza ya nyuma. Chukueni moja kwa kila mtoto mnayemfikiria sasa hivi. Safu ya kwanza tarehe na saa, ya pili kilichotangulia, ya tatu alichofanya, ya nne mlichofanya ninyi. Safu hiyo ya nne watu huiacha tupu. Nitapita baada ya chai kuitazama.