Mkoba Uliobeba Kwaya

Hotuba ya mhazini anayestaafu, jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu, Keumbu

Kamati imenipa dakika tano nieleze historia ya hazina ya kwaya. Nitawaeleza habari za mikoba yangu, kwa sababu hazina yenu haijawahi kuwa na nyumba nyingine.

Mama yangu hakuwa na mkoba. Pesa zake alizifunga kwenye pindo la leso, akatoka hapa Keumbu na ndizi zake kwenda kuuza Kisii, akarudi na kila senti. Mimi niliponunua mkoba wa kwanza, mtumba wa Daraja Mbili, ulikuwa mweusi wenye zipu tatu, na mbili hazifungi. Baba watoto aliutazama akaniuliza kama ninahama.

Miaka ile michango ililetwa kwa sarafu. Mtu anakuletea shilingi 20, zote za moja moja, tena watu wakiwa wamefumba macho kwa maombi. Nikitembea nilisikika kama ng'ombe mwenye kengele. Mkanda wa begani ulikatika mara mbili kabla M-Pesa haijaja mwaka wa 2007.

Mkoba wa pili ulichanwa kwa wembe ndani ya matatu tukitoka makambi. Mwizi alipata noti nyingi sana. Noti za muziki! Do-re-mi zote za besi, lozenji za koo na kitana. Pesa za kwaya zilikuwa kwenye pindo la leso, chini ya sare. Mama hakunilea bure.

Sasa nyinyi ndugu wa besi. Tuliposhona suti mlisema mfuko ukijaa suti haikai vizuri. Tangu siku hiyo, kila tukisimama kuimba ninakabidhiwa simu tano, miwani, funguo za pikipiki, na Sabato moja kiazi kitamu kilichochemshwa, bado cha moto. Simu ikilia katikati ya mahubiri, kanisa zima linanigeukia mimi, na mlio wenyewe ni benga. Mwenye simu anatazama dari kama malaika.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Agosti 2017, mkoba ukawa kikapu pia, nyanya zikalala juu ya daftari la michango. Halafu 2019 tukaambiwa noti za zamani za shilingi elfu moja mwisho wake ni Septemba. Nani kati ya akina mama hapa hakupekua mikoba yake? Mimi niliigeuza yote juu ya kitanda. Zilitoka pini, risiti, lozenji, na jino la kwanza la kifungua mimba wangu. Elfu hata moja haikutoka.

Lakini mkoba ninaotaka muujue leo si wangu. Ni wa dada yetu wa sauti ya pili, msaidizi wangu, tuliyemzika mwaka jana. Ulikuwa wa kahawia, mdogo hata Biblia ilichungulia nje, nami nilizoea kumcheka. Alinijibu kila mara kwamba yeye hana vitu vingi. Baada ya mazishi binti yake aliniletea mkoba huo, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na daftari letu la sare.

Niliketi nikalilinganisha na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya kwaya. Vijana 12 walikuwa wameandikwa "amelipa". Pesa za wote 12 zilitoka kwenye nambari moja, ya kwake, 200 leo, 150 wiki ijayo, karibu zote jioni ya siku ya soko. Aliuza ndizi, mnajua. Vijana wenyewe aliwaambia kwamba kanisa limewalipia. Sita kati yao wameimba hapa asubuhi hii, na sitawataja. Kwenye ukurasa wa mwisho nilikuta jina lake mwenyewe, na mbele yake: salio, shilingi 400.

Hizo 400 nililipa juzi. Risiti nimeitia kwenye mkoba wake wa kahawia, na binti yake ameuhifadhi.

Kamati sasa imenunua kabati la chuma lenye kufuli, nami nawashukuru sana, bega langu linawashukuru zaidi. Mhazini mpya, mwanangu, njoo hapa mbele. Daftari la michango ni hili. Daftari la sare ni hili, usilipoteze. Lozenji zimebaki sita, ni za sauti ya kwanza peke yao, hata wengine wakikohoa. Na kuna funguo za pikipiki humu tangu wimbo wa pili. Mwenyewe aje azichukue kabla kabati halijafungwa.