Simu ya Kukunja Mkononi mwa Mzee

Simu ya kukunja si kitu kipya: kampuni ya Motorola ilitoa ile iitwayo StarTAC mwaka 1996. Hata leo wako wazee waipendao, kwa kuwa vitufe vyake huonekana na kushikika. Lakini mara nyingi vijana huwapokonya wakisema, "Lete, babu, nikufanyie." Wakiisha kuondoka, mzee hubaki na chombo asichokijua; usiku akishikwa na homa, hana wa kumwita.

Tufanye nini basi? Tuketi naye, na kidole chake ndicho kibonyeze. Kwanza, ajue kupokea: katika simu nyingi za namna hiyo, kufunua ni kuitika, na kufunika ni kuaga. Pili, ajue kupiga: namba kwanza, kisha kitufe cha kijani. Chekundu hukata, kikishikiliwa kwa muda, huzima simu. Tatu, namba ya mwanawe au ya jirani iwekwe katika kitufe kimoja, tuseme cha 2, ili akikishikilia tu, simu ijipige. Nne, ujumbe: kitufe hicho hicho kikibonyezwa mara moja huandika A, mara mbili B, mara tatu C.

Je, arudie mara ngapi? Hata saba, hata kumi. Yeye alitufundisha kutembea, wala hakuhesabu tulivyoanguka.

Ndugu zangu, jioni ya leo mpigieni mzee wenu. Ngojeni aifunue mwenyewe, hata ikiita kwa muda mrefu.