Kompyuta Inayojizima Yenyewe

Kompyuta ya mezani inayojizima ghafla mara nyingi imezidiwa na joto. Chanzo cha kawaida ni vumbi. Ndani ya kompyuta kuna feni inayopuliza hewa kwenye vibati vya chuma juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Vumbi likigandamana humo, hewa haipiti, na kompyuta hujizima ili prosesa isiungue. Dalili huanza mapema: feni huunguruma hata kompyuta ikiwa haina kazi nzito.

Msikilizaji, kabla ya kununua kifaa kipya, ondoa vumbi kwanza. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wake. Shikilia feni isizunguke, kisha pangusa taratibu kwa brashi laini, kavu. Kitambaa chenye maji kisitumike kamwe. Pawa saplai, yaani kisanduku cha kuingizia umeme, isifunguliwe; hubaki na umeme hatari hata ikichomolewa.

Kompyuta ikiendelea kujizima, ipelekwe kwa fundi. Huenda gundi ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka.