TAIRI ZA MENO MAKALI: NANI AZICHAGUE, NA NANI AZILIPE?

Mazungumzo kwa madereva na matanboi wa Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu

Ndugu wanachama,

Leo tumekuja kuzungumza juu ya tairi. Msidhani tumeacha habari za mshahara. Kabla hatujamaliza mtaona ya kuwa tairi na mshahara ni mambo yaliyo karibu sana.

Sote twajua nchi yetu ilivyo. Kisiwani Lamu mizigo huchukuliwa na punda, na baharini huchukuliwa na mashua. Kazi ya pikapu yaanza gatini Mokowe: saruji, unga, soda, samaki, maembe, na mara nyingi watu juu ya mizigo. Mwaka 2015 njia ya kwenda Witu na Garsen, yapata kilomita 135, ilikuwa bado ya udongo, na mvua ikinyesha gari hulala njiani. Leo njia ile ina lami. Lakini ukiiacha lami kidogo tu, waingia mchanga wa mashambani, au tope zito, au mawe ya matumbawe yenye ncha kali.

Ndiyo sababu vijana wetu huuliza: je, tufunge tairi za meno makali? Wenye magari nao wazipenda, kwa kuwa zalifanya gari lionekane la nguvu. Sisi twasema hivi: tairi haichaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa njia.

Kwanza, hesabu njia yako. Andika kwa wiki moja: kilomita ngapi za lami, ngapi za mchanga, ngapi za tope. Gari liendalo Mokowe hadi Mpeketoni kila siku, na kuingia shambani mara mbili kwa wiki, ni gari la lami.

Tairi zenye herufi M/T ubavuni ni za tope. Meno yake ni makubwa, na nafasi kati ya meno ni pana ili tope litoke gurudumu linapozunguka. Kwenye tope ni msaada mkubwa. Lakini nafasi ile ile, juu ya lami, maana yake ni mpira mchache unaoshika barabara. Mvua ikinyesha, gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama. Tena zapiga kelele, zala mafuta, na meno huisha upesi.

Tairi zenye herufi A/T ni za katikati, za lami na za udongo pia. Hata hizo si sawa zote: nyingine meno yake yakaribia ya M/T, nyingine ni ya kiasi. Kwa wengi wetu, wa lami kila siku na udongo mara kwa mara, A/T ya meno ya kiasi, yenye ubavu mgumu, yatosha. Aingiaye topeni kila siku masika yote, huyo ana haki ya kutaka meno makali.

Na mchanga je? Hapa wengi hudanganyika. Meno makali kwenye mchanga mkavu huchimba, na gari huzama kama jembe. Mchanga wataka upepo mdogo. Tairi ya ratili 35 huteremshwa hadi 18 au 20, nayo hulala pana na kuelea juu ya mchanga. Endesha polepole, usikate kona kwa ghafula. Ukirudi kwenye lami, jaza tena kabla ya kwenda mbio. Tairi yenye upepo mdogo na mzigo mzito hupata moto ndani, kisha hupasuka. Kwa hiyo kipimo cha upepo na pampu ni vyombo vya kazi, kama jeki na spea.

Pili, soma ubavu wa tairi. Iko namba ya mzigo: 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, na 112 ni kilo 1,120. Mwenye gari akinunua tairi nzuri kwa macho lakini namba yake ni ndogo kuliko ile ya gari, saruji itakuonyesha ukweli. Ziko pia tarakimu nne za tarehe: 2423 maana yake ni wiki ya 24 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka kwa jua hata ukiwa na meno yote. Muulize mwenye duka tarehe, usione haya.

Tatu, usichanganye. Tairi za ekseli moja ziwe za namna moja na ukubwa mmoja, na ni bora zote nne zifanane. Tairi kubwa kuliko za asili hulifanya gari lende mbio kuliko saa ya mwendo inavyosema. Kila kilomita 8,000 au 10,000 zibadilishwe mahali, za mbele nyuma na za nyuma mbele, ili zilike sawasawa.

Na tusijidanganye: hakuna tairi ishindayo maji. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoikata barabara upande wa Gamba, meno makali hayakuwa dawa. Maji yakipita juu ya njia, simama. Mzigo utangoja, roho hairudi.

Sasa, ndugu, tuje kwenye fedha. Tumeona wenzetu wakipewa tairi kipara, zikapasuka, kisha wakakatwa mshahara kwa kuambiwa wameharibu mali. Jueni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kusudi la mfanyakazi. Tairi iliyochakaa ikipasuka njiani, kusudi la dereva liko wapi? Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yakutaka umwarifu msimamizi ukiona hatari kubwa, na mwajiri asikurudishe kwenye hatari ile kabla ya kuiondoa.

Basi twawaomba mambo matatu. Kila asubuhi, kabla ya kupakia, dereva na tanboi watazame tairi zote pamoja na spea: meno, nyufa, upepo. Mkiona ubaya, uandikeni kwenye karatasi, mtie tarehe na namba ya gari, mmpe msimamizi, nanyi mbaki na nakala. Na mwenye gari atakapo kununua tairi, dereva aulizwe kwanza, kwa maana yeye ndiye aijuaye njia. Akikatwa mtu mshahara kwa tairi mbovu, nakala ile ailete kwa katibu wa tawi siku ile ile. Bila karatasi ni maneno matupu. Kwa karatasi tutasimama naye.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tairi mpya ni ghali, twakubali, lakini bei yake haifiki bei ya tanboi mmoja aliyeanguka kutoka juu ya mizigo.

Umoja ni nguvu.