Anayependa Nyota Ashike Pia Bisibisi

Msikilizaji, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Riccardo Giacconi, mwanafizikia aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Eksirei hizo huzuiwa na angahewa, hivyo lazima zichunguzwe kutoka juu yake. Kwa hiyo swali la astrofizikia liligeuka kazi ya uhandisi: kigunduzi, umeme wa jua, antena, chombo kisichoharibika kwa mtikisiko wa roketi.

Uhandisi wa aina hiyo umefika hadi vyuoni: Mei 2018, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilichoenea kiganjani.

Kusema kweli, nafasi za kuajiriwa kama mwanaastronomia ni chache mno. Lakini kijana aliyezoea kuchambua mawimbi hafifu ya redio kutoka angani, na anayejua pia kuunda saketi na kuandika programu, anahitajika kwenye mawasiliano, hali ya hewa na ramani za kilimo.

Wakuu wa vyuo, mwacheni mwanafunzi wa fizikia aingie karakana ya uhandisi. Nawe mzazi, mwanao akisema anataka kusomea nyota, usimkatize. Muulize atajifunza kuunda nini.